Tairi za Nyuma za Bibi Fusae

Makomredi wa gereji, ndugu zangu wa bweni,

Mwaka mzima mmenisikia nikihutubia nikiwa nimesimama juu ya boneti ya gari letu. Leo sihutubii. Mnauliza kwa nini nataka gereji nzima itoke Kyoto iende kijiji cha theluji kule Niigata, na kwa nini nimetoa fyuzi moja katika jagi la kioo, lile jagi ambamo kila mwanachama mpya hutumbukiza fyuzi ya kidhibiti cha kuserereka, aapishwe kuwa dereva huru. Jibu limo katika barua hizi. Nyingine ni zangu, nyingine za Mjomba Toshinori, kaka wa mama yangu, msimamizi wa kituo cha mafuta cha ushirika kijijini kwao. Tuliandikiana kwa karatasi kwa sababu siku za Bon, sikukuu ya kuwakumbuka wafu, tuligombana kwenye simu, naye akasema tangu siku ile nikiwa na neno niliandike, maana kwenye karatasi siwezi kumkatiza. Bibi Fusae ni mama yake na bibi yangu. Ana miaka sabini na tisa, na anaishi peke yake juu ya kilima, katika nyumba alikoolewa.

Nazisoma kama zilivyo.

*

Kyoto, 16 Januari

Mjomba mpendwa, shikamoo.

Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na wote wa nyumbani. Mama yu salama Osaka, isipokuwa kikohozi chake cha kila baridi. Mochi za mchele mlizonifungia Mwaka Mpya zilifika bweni na hazikuona jua la siku ya pili. Wenzangu wanawashukuru kwa midomo iliyojaa. Uongozi wa chuo umebandika tena tangazo la kututoa bwenini, na sisi tumetundika tena bango letu kubwa langoni: WAULIZENI WANAOLALA HUMU. Wameamua juu ya vitanda vyetu katika chumba ambacho hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuingia.

Sasa neno lenyewe. Mama amenieleza kwamba gari la Bibi liligeuka kwenye kona ya chini ya hekalu, likaingia ukuta wa theluji na kusimama likitazama lilikotoka. Bibi hakupata hata mkwaruzo. Kilichopotea ni ndoo moja ya mboga za chumvi alizokuwa akipeleka soko la barabara kuu. Amenieleza pia kwamba umechukua funguo.

Nakuuliza kwa heshima yote, Mjomba: kwa mamlaka gani? Mwanamke huyu amekuwa akiishi na theluji tangu kabla wewe hujazaliwa. Basi linapita mara mbili kwa juma, na linapita bondeni. Mitsue wa nyumba ya jirani hana mtu mwingine wa kumpeleka kliniki. Mnyang'anye Bibi gari, na baada ya miezi michache mtaanza kumwambia kwamba nyumba ni kubwa mno kwake, kwamba kwako kuna chumba chenye joto. Nyumba yake imening'inia kwenye funguo zile. Unajua hivyo, na ndiyo maana unaziita "usalama".

Zirudishe.

Mpwa wako,
Chinatsu

*

3 Februari

Mpwa wangu Chinatsu,

Marahaba. Sisi wazima. Theluji imefika kwenye madirisha ya chini. Paa la mama nimelisafisha na mgongo wangu unalikumbuka. Leo ni siku ya kutupa maharage ya kufukuza mashetani. Mama alitupa yake mlangoni, akasema mashetani yatoke nje, na aliposema hivyo alinitazama mimi.

Mwambie mama yako ashone kitambaa shingoni mwa koti lile. Kikohozi chake kinaanzia hapo, tangu utotoni.

Funguo ninazo. Nimeziweka mahali ambapo mama hatazitafuta.

Unaandika mamlaka. Mimi nakuandikia nilichokiona. Gari lile ni dogo na injini yake ndogo, lakini lina turbo. Ukikanyaga mafuta, kwanza hakuna kitu, halafu nguvu inakuja yote kwa pamoja, na kwenye theluji magurudumu ya mbele, ambayo ndiyo yanayovuta gari, yanazunguka bure. Kwa ajili hiyo liliwekewa kidhibiti. Kikihisi gurudumu linateleza, hupunguza nguvu ya injini. Kikihisi gari linataka kugeuka, hukamata breki ya gurudumu moja kulirudisha kwenye mstari. Nilipofika pale kwenye kona injini ilikuwa bado inanguruma, na taa ya njano yenye picha ya gari linaloserereka ilikuwa inawaka. Maana yake kidhibiti kilizimwa kwa swichi.

Mama hajawahi kuigusa swichi ile tangu gari lije. Hakujua hata kazi yake. Mwaka Mpya ulikuwa hapa siku nne, na uliendesha naye.

Nani alimfundisha?

Leseni yake inaisha mwezi wa tano. Polisi wa mjini wameniambia kwamba akiirudisha kwa hiari atapewa cheti cha shukrani na punguzo la teksi. Teksi yenyewe hukaa mji mwingine, nakubali.

Vaa nguo nzito.

Toshinori

*

Kyoto, 12 Februari

Mjomba, shikamoo.

Barua yako ilikaa siku kadhaa kwa mlinzi wa bweni, ambaye hapendi kutukabidhi barua zetu mpaka tumsalimie. Mama amepona kikohozi, ameshona kitambaa, anasema wewe ni mzee kabla ya wakati. Wanasheria wa chuo wametupatia muda wa kuhama mpaka Septemba.

Unanieleza kidhibiti kana kwamba sikijui. Nakijua sana. Ni askari aliyeketishwa ndani ya gari bila dereva kuulizwa. Hajui unakokwenda, hajui kwa nini una haraka. Anajua kukamata tu. Na turbo ile unayoilaumu naijua pia: inanyamaza, inanyamaza, mpaka wenye kusikiliza wanadhani haipo, kisha inasema yote kwa mara moja. Mimi siwezi kuichukia. Na ule mpando wa kutoka uani kwa Bibi kwenda getini, askari wako hawezi kuupanda. Gari likianza kuteleza kwenye theluji ya asubuhi, yeye anakata nguvu ya injini, na gari linabaki limekaa kama ng'ombe aliyegoma. Pale lazima magurudumu yaachiwe yazunguke, yachimbe, yatafute kilicho imara chini. Kila dereva wa nchi ya theluji anajua kwamba swichi iliwekwa kwa ajili hiyo.

Lakini kuna jambo jingine, nalo halina hotuba. Nimeitazama tena picha uliyomtumia Mama, ya gari likiwa kwenye ukuta wa theluji. Tairi za mbele bado zina vinyweleo vya mpira, vile vya tairi mpya kabisa. Za nyuma zimefunikwa, hazionekani.

Tairi za nyuma zilikuwa za mwaka gani?

Nisalimie Bibi. Mwambie sijasahau ahadi ya kumletea chai ya huku.

Chinatsu

*

Kyoto, 14 Machi

Mjomba, shikamoo.

Mwezi umepita. Nimekwenda kwa mlinzi wa bweni kila siku, mpaka sasa ananisalimia yeye kwanza. Natumaini ni theluji tu iliyochelewesha barua na si ugonjwa.

Kwa kuwa hukunijibu, tulikwenda kuiuliza theluji yenyewe. Mwenzetu Ukai aliazima gari la duka la wazazi wake, dogo, linavutwa na magurudumu ya mbele, lina turbo, pacha wa gari la Bibi. Kaskazini ya ziwa kuna mteremko wa kuchezea ski uliofungwa, na mwenye uwanja wake wa maegesho alituruhusu mradi tusivunje uzio. Tulikuwa na tairi nne mpya za baridi, na nyingine kuukuu ambazo mifereji yake bado ina kina kizuri lakini mpira wake umekuwa mgumu kama soli ya kiatu cha shule.

Tulifunga mpya mbele, ngumu nyuma. Kidhibiti tukakizima. Kuondoka lilikuwa jambo la raha, magurudumu ya mbele yalizunguka kidogo tu kisha yakashika, na Ukai akasema hili ndilo gari bora la theluji aliloendesha maishani. Kisha akaingia kona ya kuteremka, akatoa mguu kwenye mafuta kama mtu yeyote mwangalifu angefanya. Mkia ulimpita. Hakufanya kosa lolote, Mjomba. Mbele palishika, nyuma hapakushika, na gari likazunguka juu ya mbele yake kama mlango juu ya bawaba.

Tukawasha kidhibiti. Mkia ulitoka tena. Safari hii ulitoka taratibu, na kidhibiti kilikuwa kikipiga breki tak tak tak, tukakisikia kinavyohangaika. Mara nyingine kiliokoa, mara nyingine hakikuokoa. Tukafunga zote nne mpya tukakizima: mbele liliteleza, magurudumu yalizunguka bure, lakini mkia ulifuata. Zote nne mpya na kidhibiti kikiwaka, Ukai aliteremka akisimulia habari za chakula cha jioni.

Nilirudi Kyoto na mawazo yamenivurugika. Nilikuwa na hotuba ya kuwaambia wenzangu kuhusu askari ndani ya gari, na sikuitoa. Kile kidude hakitengenezi mshiko. Kinagawa ule uliopo. Tairi zikiwa hazina kitu, hakina cha kugawa.

Nangoja jibu lako kuhusu tairi.

Chinatsu

*

30 Machi

Mpwa wangu,

Marahaba. Niwie radhi kwa kuchelewa. Machi ni mwezi wa vibali vya mbolea, na kompyuta ya ushirika ilikufa. Theluji imeanza kuzama. Maua ya fukinoto yametokeza kando ya mfereji, mama ameyakaanga, tumekula, yalikuwa machungu kama inavyotakiwa.

Tairi za baridi za gari la mama nimezitoa mapema mwaka huu. Za nyuma nimezipeleka kutupwa, hazikuwa za kuhifadhi.

Hujawahi kuona kituo chetu Novemba. Wakitangaza theluji ya kwanza, kijiji kizima kinakuja siku ileile, na kila mmoja anataka nafuu. Gari linalovutwa na mbele, hapa kwetu watu huanza na mbili za mbele. Za nyuma zinangoja mwaka unaofuata, au ule wa baada yake. Imekuwa hivyo tangu baba yangu alipokuwa kituoni. Linapanda vizuri, hakuna anayelalamika.

Basi limebadilishiwa saa, sasa linapita mapema zaidi. Mama na Mitsue huteremka bondeni wakishikana mikono. Mama halalamiki. Nilitegemea anifokee, nilikuwa nimejiandaa, lakini ananipikia chai, ananiuliza habari za kazi. Anakula nusu ya bakuli. Mapipa ya mboga za chumvi yamechacha kwa sababu hakuna wa kuzipeleka sokoni, na jana nilimkuta akizimwaga nyuma ya nyumba, kidogo kidogo, kwa kijiko cha mbao.

Umenipa majibu mengi ya theluji. Swali langu la Februari lilikuwa fupi.

Toshinori

*

Kyoto, 8 Aprili

Mjomba, shikamoo.

Sisi wazima. Maua ya mcheri yamechanua na kupukutika kando ya mto, na sikuyatazama. Mama anasema nimekonda, ananilaumu kwamba nimeacha kumwambia mambo.

Mwezi wa pili uliniuliza swali, nikakujibu kwa hotuba. Nami nikakuuliza, ukanijibu kwa ratiba ya basi. Tumeandikiana vizuri sana kwa watu wasiotaka kusema.

Basi niandike hivi. Bibi alibonyeza swichi asubuhi ile ili gari lipande kutoka uani. Lilipanda. Hakuna aliyemwambia kwamba akifika getini aibonyeze tena. Aliyemfundisha alimfundisha nusu, ile nusu inayofurahisha. Kisha akateremka hadi kona ya hekalu akiwa na tairi nzuri mbele, na nyuma tairi ambazo zimekwisha tupwa. Gari lile liligeuzwa na watu wawili, na hakuna hata mmoja wao aliyekuwa ndani yake. Aliyekuwa ndani ndiye aliyenyang'anywa funguo.

Sitaandika majina. Unayajua yote mawili.

Leseni inaisha mwezi ujao. Fanya linalostahili, nami nitafanya langu utakaponiambia ni lipi.

Chinatsu

*

2 Mei

Chinatsu mwanangu,

Marahaba. Mashamba ya mpunga yamejazwa maji na vyura hawatuachi tulale. Mimi mzima, mgongo umetulia.

Barua yako nilikaa nayo katika mfuko wa koti la kazi majuma mawili. Jumapili iliyopita nilipanda kwa mama. Alikuwa jikoni anakata vitunguu. Nilikwenda moja kwa moja chumba cha ndani, kwenye madhabahu ya marehemu baba, nikavuta droo iliyo chini ya picha yake, pale tunapoweka ubani. Nilikuwa nimezisukuma funguo ndani kabisa, nyuma ya mishumaa. Nikazikuta mbele, zimefungwa katika kitambaa safi, kile chenye maua anachofungia zawadi.

Nikasikia mama nyuma yangu. Akaniambia, "Nimeziona tangu asubuhi ya kwanza. Wali wa baba yako nauweka wapi kila siku, Toshinori, mezani kwako?"

Nikamuuliza kwa nini basi hakuzichukua, miezi yote ile, huku akiteremka bondeni kwa miguu.

"Sikuziweka mimi," akasema. "Aliyeziweka ana mikono yake."

Kisha akaona barua mfukoni mwangu, akauliza mjukuu wake wa Kyoto ameandika nini huko. Nikamsomea zote, zako na nakala za zangu. Tulikaa kwenye mikeka, chai ikapoa. Alicheka sana kuhusu askari ndani ya gari, akasema huyo angekuwa askari wa kwanza kufanya kazi yake. Pale uliposema gari liligeuzwa na watu wawili hakucheka. Aliniambia nirudi nyuma, nisome tena habari za bango lenu. Nikasoma.

"Waulizeni wanaolala humu," akasema. "Maneno mazuri. Na katika nyumba hii, analala nani?"

Analala yeye peke yake, mpwa wangu. Wewe na mimi tumeandikiana majira mawili juu yake, wewe ukimtetea na mimi nikimlinda, na hakuna aliyempelekea hata karatasi moja.

Nikamuuliza, basi, nikiwa bado nimepiga magoti. Alijibu kama mtu aliyeyapanga maneno yake zamani. Atakwenda mafunzo ya wazee katika shule ya udereva. Amekwenda jana. Mwalimu ni kijana mdogo, alimwambia asiogope kukanyaga mafuta, naye akamwambia gari lake la nyumbani lina turbo, na siku akilipanda atakayeogopa ni yeye mwalimu. Leseni ameipata. Tairi atataka nne, za mwaka mmoja, na mkono wa kuzikaza atautazama mwenyewe. Swichi ataibonyeza uani na kuibonyeza tena getini, na amebandika kipande cha plasta nyekundu kwenye nguzo ya geti ili asisahau. Siku ya theluji ya kwanza atateremka hadi hekaluni na kurudi. Akishindwa, leseni ataipeleka mwenyewe, na hataki cheti cha mtu.

Nami nimebandika karatasi kituoni kwamba hatufungi tena tairi mbili. Watu wamenuna. Mzee mmoja ameniuliza kama nimenunuliwa na wenye viwanda vya mpira.

Ulisema utafanya lako nitakapokuambia ni lipi. Haya si yangu, ni ya mama. Anasema: aliyemfundisha kubonyeza aje Novemba kabla ya theluji, na hao wenzake wanaocheza na magari. Gari lake na magari ya nyumba zote za juu yanahitaji tairi kuvuliwa na kuvalishwa, na mgongo wa mwanawe umezeeka. Chai ya Kyoto usiisahau. Anasema pia msilete bango. Analijua tayari.

Toshinori

*

Makomredi, barua zinaishia hapo. Septemba imekwisha, vitanda vyetu bado ni vyetu, na sijui kwa muda gani. Ninachojua ni kwamba nilikuwa nikipiga kelele langoni kwamba tuulizwe, huku nikiandika kurasa kwa kurasa juu ya mwanamke ambaye sikumuuliza kitu. Fyuzi niliyoitoa katika jagi ni yangu ya mwaka wa kwanza. Nimeirudisha mahali pake kwenye gari letu asubuhi ya leo, kwa sababu tutavuka milima nalo. Zenu sijazigusa. Hizo kila mtu aziamulie mwenyewe.

Tunakutana Jumapili ya pili ya Novemba, saa kumi alfajiri, mbele ya gereji, injini zikiwa zimepashwa moto. Kila mtu aje na jeki, glavu, na spana yake ya magurudumu. Hotuba ziacheni bwenini. Kule juu anaongea mtu mmoja, naye atakuwa amesimama nyuma yetu akitazama tunavyokaza nati.